Leteni Mlango

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioketi kule barazani kwenye kivuli, shikamooni na ninyi. Ndugu Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi.

Wote waliozungumza kabla yangu wamesimama. Mimi mtaniwia radhi. Si kiburi, wala sijawadharau wageni wetu mliotoka vijiji vya jirani. Miguu yangu ndiyo hii mnaiona, imetulia kwa adabu kama watoto walioambiwa wasichezecheze mbele ya wageni. Ndiyo tabia yake siku hizi. Zamani haikuwa na adabu hata kidogo.

Chekeni, chekeni. Nimeruhusu.

Kazi yangu ilikuwa ukwezi. Shule niliishia darasa la nne, lakini mnazi niliusoma mpaka juu. Mama alinileta hapa karibu na Somanga kutoka Kilwa Kivinje wakati ule wa kuhamia vijijini, mimi na yeye na kuku wake, tukapewa kiwanja kwenye mstari huu unaoelekea barabarani. Nikapangwa kwenye kikosi cha minazi ya kijiji. Nilipenda kule juu, nawaambia kweli. Ukifika shingoni mwa mnazi upepo unakuwa mwingine. Unaona barabara ya Lindi imejinyoosha, nyekundu. Unaona moshi wa kila jiko, na unajua nani leo anapika nini. Mimi ni mtu wa ndoto, na kule ndiko nilikokuwa nikiota. Niliota kutengeneza chombo cha kuangulia nazi mtu akiwa chini, chenye mti mrefu na kisu na kamba. Wenzangu wakaniita Bwana Mipango. "Bwana Mipango, teremka! Nazi haziangushwi kwa mawazo!"

Laiti ningekitengeneza kwanza kile chombo.

Na kitu kingine nilichokuwa nacho bila kujua kama ninacho, mtashangaa, ni mchanga wa adhuhuri. Mnaujua mchanga wetu jua likishakaa utosini. Ukishuka mnazini peku unaruka kutoka kivuli hadi kivuli, ah, ah, ah, kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua. Nilikuwa naulalamikia kila siku ya Mungu. Huo mchanga nitaurudia, msiusahau.

Basi. Mwajua tunavyosema mtu akiwa mashakani, kwamba amekalia kuti kavu. Mimi wala sikukalia. Nililishika tu, kwa mkono mmoja, huku nataniana na rafiki yangu aliyekuwa kwenye mnazi wa pili. Kuti likatoka, na mimi nikatoka nalo.

Nisikilizeni vizuri hapa. Nilianguka chali. Pumzi ilikatika, lakini macho yalikuwa wazi; niliyaona makuti yakiyumba kana kwamba hakuna kilichotokea. Na nilisikia mchanga unaniunguza visigino. Vyote viwili. Nikataka kuivuta miguu kivulini, na wa kulia ukasogea. Kidogo, lakini ulisogea. Hilo nalikumbuka kuliko ninavyolikumbuka jina langu.

Kisha wema ukaja mbio.

"Mkalisheni apumue!"

"Dafu! Mpeni dafu!"

"Simama, mwanangu, jikaze, simama!"

Rafiki yangu ndiye aliyefika wa kwanza. Sijui alishuka vipi mnazi ule, kifua chake chote kilikuwa kimechunika. Akanitia mikono kwapani, akaninyanyua, akanikalisha kama mtoto mchanga, akanisogezea dafu mdomoni huku analia. Mimi nikasikia kitu ndani ya mgongo kimelia, kidogo tu, kama kijiti kikavu mtu akikikanyaga. Na mchanga ukapoa.

Ndugu zangu, mchanga haukupoa. Mchanga ulikuwa uleule.

Wakafunga shuka kwenye mti, wakanitia humo, mmoja mbele mmoja nyuma, nikajikunja kama kamba aliyechemshwa. Hivyo ndivyo tulivyobebana siku zote, hata ninyi mwajua. Mwanamke mwenye uchungu, mzee mwenye homa, wote ni shuka na mti. Barabarani tukapata lori la korosho, wakanilaza juu ya magunia, na kila shimo la barabara lilipita mgongoni mwangu. Hakuna aliyenitendea ubaya siku ile. Ningewaambia wamenichukia, ningekuwa muongo mbele yenu. Walinipenda wote, na walinipenda haraka.

Hospitali, muuguzi mmoja mama wa makamo alimuuliza rafiki yangu nilinyanyuliwaje, nikabebwa na nini. Akaelezwa. Akasema taratibu, "Mgongo ukishaumia ni kama yai lililopata ufa, wanangu. Bado ni yai. Likibebwa vizuri linafika. Angelazwa kwenye kitu kilichonyooka, asikunjwe, huenda..." Hakuimalizia ile huenda. Rafiki yangu alikuwa ameshika nguo zangu. Akaziweka chini polepole, akatoka nje, na mimi sikumwona tena msimu mzima wa korosho.

Nikarudishwa nyumbani, na huko ndiko nilikoanguka mara ya pili. Anguko lile watu hawakuliona. Nililala kitanda cha kamba, uso ukutani. Mama alikuwa ananigeuza asubuhi na jioni ili nisitoke vidonda. Ananigeuza huku ananisimulia habari za kuku, nani katotoa, nani kaibiwa na kicheche, na mimi simjibu. Nilitamani, jamani. Siwezi kuwaficha. Wala sikuwa natamani vitu vikubwa. Nilitamani mwiba. Nilitamani kujikwaa. Siku moja mama alifunua shuka akapiga kelele, siafu wameingia kitandani wameniuma vidole vya miguu mpaka damu. Akawa anawabandua mmoja mmoja anasema pole baba, pole baba. Nikalia. Mama akadhani ni maumivu. Nilikuwa nalia kwa sababu hayakuwapo.

Na nilimtamani rafiki yangu. Niliwatazama wakwezi wakipita na mundu begani, nikasikiliza sauti yake, haimo. Kumbe alikuwa anazungukia njia ya nyuma ya msikiti ili asipite mlangoni kwetu. Siku moja nikamwambia mama, "Kamwambie yule bwana, asipokuja mwenyewe nitamfuata kwa miguu."

Mama alinitazama. Akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Halafu kicheko kikamtoka, na mimi kikanitoka, tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianguke.

Rafiki yangu akaja. Akasimama nje, hapigi hodi wala haondoki.

"Ingia," nikamwambia. "Au unasubiri nije nikufungulie?"

Akaingia akapiga magoti kando ya kitanda. "Ndugu yangu, ni mikono yangu hii."

"Mikono yako haina kosa. Kaa vizuri, unanizibia mwanga."

"Kama ningekuacha palepale chini..."

"Mpaka lini? Mpaka niote matawi? Lazima ningebebwa. Swali ni kwamba ningebebwa na nini."

Nilisema hivyo ili kumtuliza tu. Lakini neno likishatoka mdomoni lina kazi yake. Akaniangalia, nikamwangalia. Ningebebwa na nini? Katika kijiji kizima, kitu kimoja tu kilichonyooka cha kubebea mtu, na kile kiko msikitini, na anayepanda kile harudi.

"Jeneza, hapana," akasema rafiki yangu.

"Hapana. Lakini binamu yake jeneza, je?"

"Bwana Mipango amerudi!" mama akasema kule jikoni. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Tukaanza na kichanja. Mama alikuwa na kichanja chake cha kukaushia vyombo, cha fito, chepesi na hakipindi. Rafiki yangu akatengeneza kirefu cha kumtosha mtu, akakifunga kwa kamba za kumbi za nazi. Akaita wenzake wawili, akajilaza uani akajifanya ameanguka, anapiga kelele mpaka jirani akaja mbio na maji. Mimi nimewekwa kwenye mkeka mlangoni, naelekeza. Wakamnyanyua kumweka juu ya kichanja, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Kiuno kikabonyea.

"Basi!" nikapiga kelele. "Mmeshamvunja!"

Wakamwacha, akaanguka puu. "Sasa ndiyo mmenivunja," akasema.

Hilo ndilo lililotushinda siku nyingi. Kichanja kinambeba mtu vizuri, lakini ili afike juu yake sharti anyanyuliwe, na kumnyanyua ndiko kulikoniua miguu. Rafiki yangu alichoka. Akakaa chini, akatupa kamba. "Asinyanyuliwe, na aingie! Sasa huyo mtu atapitia mlango gani?"

Mlango gani.

Ndugu zangu, nawaambia, nilisikia baridi mpaka kwenye nywele. Kwetu Kivinje, nilipokuwa mtoto, tulipita kila siku mbele ya nyumba ya kale yenye mlango mkubwa wa mbao mbili. Ubao wa kulia unaitwa dume, wa kushoto jike. Havifanyi kazi kimoja bila kingine. Linakuja dume kutoka huku, linakuja jike kutoka kule, vinakutana katikati, komeo linapita, kwisha. Mlango haumnyanyui mtu. Mlango unafunga.

"Ukate kichanja katikati," nikamwambia. "Katikati kwa urefu. Mtu amelala, hatumgusi. Dume linaingia chini yake kutoka kulia, jike kutoka kushoto. Vikutane mgongoni mwake. Tupige komeo kichwani, komeo miguuni. Halafu ndiyo tunyanyue vyote pamoja, yeye hajui kama ameondoka."

Rafiki yangu akapitisha kiganja juu ya kichanja. "Na fito zitamkwaruza."

"Basi si fito. Mbao."

Fundi seremala wetu, yule pale, aliyejificha nyuma ya nguzo, ndiye aliyetupa mbao zilizobaki kwenye madawati ya shule. Alizipiga randa mpaka ukingo wa ndani ukawa mwembamba kama ulimi. Mama akapaka mafuta ya nazi ziteleze. Na mchanga wetu, huu tunaoulalamikia, ukawa upande wetu: unauchimba kwa vidole chini ya kiuno cha mtu, unaupunguza kidogo kidogo, ubao unapita, mtu hajatikisika. Mama akashona vifuko viwili vya mchanga vya kuweka huku na huku mwa kichwa, shingo isigeuke. Akachana kanga yake ya harusi vipande vya kufungia kifua na mapaja. Nikamwambia mama, hiyo ya harusi acha. Akasema, "Baba yako hayupo kuiona. Wacha imshike mtu."

Tukapeleka kwenye mkutano wa kijiji. Mzee mmoja akainuka, namheshimu sana, akasema, "Hiki ni jeneza. Mtu yu hai mnamlaza humu, mnamwitia Izraili aje amalizie?" Watu wakaguna. Nikaona kazi yetu inakufa. Rafiki yangu, ambaye mbele za watu hawezi kusema hata jina lake, akasimama.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Jeneza lina dume na jike?"

"La, halina."

"Hiki kina dume na jike na makomeo mawili. Kwa hiyo hiki ni mlango, mzee wangu. Na mlango mtu anaingia, na anatoka."

Mzee akatafuna maneno yale. Halafu akacheka, na kijiji kizima kikacheka, na tangu siku ile kikaitwa mlango. Hakuna aliyewahi kukiita tena kwa jina jingine.

Mlango ukakaa nyumbani kwetu, ukisubiri. Na kusubiri kwenyewe kulikuwa kugumu, maana unasubiri kitu ambacho unamwomba Mungu kisije. Zikapita mvua, likapita jua. Wakwezi wakapanda wakashuka salama, alhamdulillahi. Mama ni mama, kitu hakiwezi kukaa bure nyumbani kwake. Dume akaliegemeza nyuma ya mtungi. Jike akaanikia dagaa.

Ndipo siku ya kuezeka ghala la kijiji. Alikuwapo fundi kijana kutoka Nyangamara, tumeletewa atusaidie paa. Mimi nipo barazani kwangu, jua la adhuhuri, nasikia nyundo. Nyundo ikanyamaza. Halafu nikasikia ule ukelele, nao mtu aliyewahi kuanguka anaujua. Na baada yake nikasikia wema unakuja mbio. "Mkalisheni! Mpeni maji!" Mwili wangu wote ulio hai ukasimama. Nikapiga kelele kutoka pale nilipo, nani anisikie? Nikapiga tena. Halafu nikasikia sauti moja kubwa kuliko zote, sauti ya yule asiyejua kusema mbele za watu.

"Asiguswe! Mtu asimguse! Nitakayemwona anamgusa tutagombana! Leteni mlango!"

Wakaja wawili mbio. "Dume liko wapi?"

"Nyuma ya mtungi!"

"Na jike?"

Nikamtazama mama. Mama akatazama dagaa. Walikuwa wengi, jamani, na walikuwa wazuri.

"Mama, mwaga!"

Akawamwaga wote kwenye vumbi kwa mkupuo mmoja, kuku wakafanya karamu, vijana wakaondoka na mlango unanuka dagaa mpaka barabarani. Nami nikabaki. Sikuona chochote. Nawaambia nilichosikia: nilisikia kimya. Watu wengi vile na hakuna anayepiga kelele. Nikasikia rafiki yangu akisema taratibu, "Chimba mchanga. Polepole. Dume. Haya, jike." Nikasikia komeo. Nikasikia komeo la pili. Halafu lori likawaka, likaondoka polepole kama limebeba mayai.

Rafiki yangu alirudi siku kadhaa baadaye, hajaoga, anacheka peke yake njiani. Akaniambia, "Yule muuguzi wako yupo bado. Ameinusa ile mbao akauliza, huyu kaanguka kutoka paani au mmemvua baharini?" Kisha akaacha kucheka. "Halafu akamgusa nyayo, akamwambia chezesha vidole. Ndugu yangu, vimecheza."

Alishika mguu wangu, akakaa nao mapajani.

Yule kijana alilala hospitali muda mrefu sana, mgongo una ufa, yai halijamwagika. Msimu wa pili wa korosho, mchana jua kali, mtu akapiga hodi kwetu. Ameshuka lori barabarani, amekuja mpaka kwetu anatembea. Anachechemea kidogo, fimbo mkononi, kuku kwapani, zawadi ya kumpa mama. Akaanza kunishukuru kwa maneno mengi mazuri ya kwao. Nikamkatiza. Nikamwambia, "Ahsante, ndugu yangu. Lakini nina ombi. Vua viatu."

Akashangaa. Akavua.

"Nenda mpaka kwenye ule mkorosho, urudi."

Akaenda. Uani kwetu mnajua palivyo, mchanga mtupu, na jua limesimama. Hatua za mwanzo alijikaza kwa adabu ya mgeni. Halafu akaanza. Ah! Ah! Ah! Anaruka mguu huu, anaruka ule, fimbo hewani, mama anapiga vigelegele, kuku wametawanyika.

"Unaunguza?" nikamuuliza.

"Unaunguza, bwana! Unaunguza sana!"

"Visigino?"

"Vyote viwili!"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka yakatoka yote, hata yale ya zamani. Naitamani miguu yangu, ndugu zangu. Naitamani leo, nitaitamani kesho, wala kutamani huku hakujaisha na sitawadanganya kwamba kutaisha. Lakini siku ile nilijua mahali ilipokwenda kazi yake.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, na dagaa wake, ambao hadi leo ananidai kwa utani. Namshukuru fundi, namshukuru muuguzi aliyeniambia kweli wala hakunificha, namshukuru mzee aliyekubali kucheka mbele ya watu. Na rafiki yangu, aliyekuja nyumbani kwangu ilhali njia ya nyuma ya msikiti ilikuwa wazi. Ndiye atakayewafundisha sasa hivi. Msimtazame sana usoni, ataona haya.

Ninyi mliokuja kujifunza, ninalo moja tu la kuwapa. Mtu akianguka, moyo utawaka na mikono itataka kufanya kitu. Ishikeni. Mwacheni alale kama alivyoanguka, kaeni naye, mwiteni kwa jina lake, mmoja akakimbie kuleta mlango. Mpendeni polepole.

Na mkitoka hapa mtapita pale uwanjani, na jua ndilo hili. Mchanga utawaunguza. Msivae viatu mapema. Rukeni kidogo, semeni ah, ah. Mimi nitakuwa hapa nawatazama.